Imam Shafii: Yatima aliyesoma chuoni bila ada

  

Ndugu msomaji, katika mji wa Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ipo shule ya sekondari iliyoanza mwaka 1965, matunda ya ushirikiano baina ya nchi yetu na nchi za Nordiki. Kwa miaka mingi jina la shule hiyo limehusishwa na vijana wenye vipaji maalumu, na mzazi ambaye mwanawe huchaguliwa kwenda huko huwa hana siri, mtaa mzima hupata habari. Upande wa pili, wilayani Kisarawe, ipo Minaki, nayo ni shule kongwe iliyotoa watu wengi wa kutajika. Kwa hiyo mkoa wetu wa Pwani haukukosa mahali pa kumpeleka mtoto mwenye akili.

Lakini kabla ya mtoto huyo kufika kwenye milango hiyo, kwanza huketi mkekani katika madrasa ya kijiji, au kwenye dawati la shule ya msingi, na hapo hakuna ajuaye bado kwamba yeye ni mwenye akili. Mara nyingi kinachoonekana kwanza si akili yake, bali tofauti yake. Kanzu yake ina viraka. Hana baba wa kuja kumuulizia. Anauliza pale ambapo wenzake wananyamaza. Anamaliza somo mapema kisha anahangaika, na mwalimu anamwona msumbufu. Mtoto wa namna hii yumo katika kila madrasa na kila darasa, na hatima yake hukatwa mapema sana, na aghalabu hukatwa na sisi walimu.

Nasi tunaoandika safu hii tuna deni letu katika jambo hili, na si vyema kuwanyooshea wengine kidole kabla ya kujitazama. Miaka mingi iliyopita, tukiwa vijana tuliotoka masomoni karibuni, tulikabidhiwa kusomesha madrasa moja ya kijiji huko Kisarawe. Miongoni mwa watoto alikuwepo mmoja, mwana wa mjane aliyeuza mihogo ya kuchemsha. Ada ya kila wiki hakuwa akileta. Darsa aliyopewa alikuwa ameihifadhi kabla wenzake hawajamaliza kuitamka, kisha huanza kuwasahihisha wakubwa wake na kuuliza maswali ambayo hatukuwa tumejiandaa kuyajibu. Sisi tuliyaona hayo kuwa ni utovu wa adabu. Tukamwondoa mstari wa mbele, tukamkalisha karibu na mlango. Siku moja hakuja, na hatukutuma mtu kumuulizia.

Ilipita miaka isiyopungua 15. Tukakutana naye Mailimoja, Kibaha, akishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye lori. Alitupa mkono kwa heshima, akatuita maalimu, akatuuliza hali zetu, kisha akatusomea papo hapo aya alizozipokea pale mlangoni, bila ya kukosea hata herufi moja. Kazi yake ni ya halali wala hatuidharau. Tunalolijutia ni kwamba nafasi ya kuchagua njia nyingine tulimfungia sisi. Hakutulaumu, na laiti angetulaumu ingekuwa nafuu kwetu.

Ndiyo maana leo tumeona tusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika madrasa zetu, naye ni Imam Shafii (Allah amrehemu). Mtoto wa Kisarawe na mtoto wa Kibaha anayefundishwa nguzo za udhu na sharti za sala katika kitabu cha Safinatun-Najaa anafundishwa kwa mujibu wa madhehebu yake. Tena si jambo la jana. Msafiri Ibn Battuta alipopita katika mwambao wetu mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na wa Kilwa wakiwa wafuasi wa madhehebu hayo hayo. Tunamjua kama imamu. Ni wachache miongoni mwetu wanaomjua kama mtoto aliyekaa chuoni bila ya ada.

Kutoka Gaza hadi Makka

Jina lake ni Muhammad, mwana wa Idris, mwana wa Abbas, mwana wa Uthman, mwana wa Shafii, na kwa babu huyo wa juu ndiyo anaitwa Shafii. Alizaliwa mwaka 150 Hijria, sawa na mwaka 767 Miladia, katika mji wa Gaza, Palestina, kwa kauli iliyo mashuhuri zaidi. Mwaka huo ndio aliofariki Imam Abu Hanifa, na wanavyuoni wamependa kulitaja hilo kama ishara kwamba Mwenyezi Mungu hakuiacha ardhi bila ya taa.

Kwa nasaba alikuwa Mkureshi, na ukoo wake unakutana na ukoo wa Mtume (SAW) kwa babu yao Abdu Manaf. Lakini nasaba haijazi chungu. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, akamwacha na mama asiyekuwa na mali, katika mji ambao hawakuwa na jamaa wa karibu wa kuwashika mkono. Mama huyo, ambaye wapokezi wengi wanasema alikuwa wa kabila la Azd lenye asili ya Yemen, alichelea kwamba mwanawe akikulia ugenini atapotea katika nasaba yake na haki zake. Akamchukua akiwa na umri wa miaka miwili hivi, wakasafiri hadi Makka, kwenye watu wa baba yake.

Tulitafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mwanamke mjane, hana mume wala fedha, anafunga safari ya jangwani akiwa amebeba mtoto mchanga, si kwa ajili ya biashara wala kwa ajili ya ndoa, bali kwa ajili ya malezi na elimu ya mwanawe. Wasimulizi wa maisha ya Imam hutaja majina ya masheikh wake kwa makumi. Sisi tunaona kwamba wa kwanza katika orodha hiyo ni mama yake.

Chuoni pasipo na ada

Makka walikaa katika hali ya unyonge. Ulipofika wakati wa kusoma, mama alimpeleka mwanawe chuoni, kama wazee wetu wa Pwani walivyoiita madrasa. Chuo kilikuwa cha kulipia, na mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu hakumfukuza mtoto, lakini hakumshughulikia. Aliwasomesha waliolipiwa, na huyu akabaki ameketi tu pembeni, akisikia yasiyoelekezwa kwake.

Hapa ndipo tofauti yake ilipojitokeza. Mwalimu alipokuwa akimsomesha mtoto mwingine aya au somo, kijana huyu alikuwa akilihifadhi kwa kulisikia tu. Kabla mwenye somo hajalishika, yeye aliyekaa pembeni alikuwa ameshalimaliza. Na mwalimu alipoondoka kwenda kwenye shughuli zake, yatima huyu alikuwa akiwakusanya wenzake na kuwarejelesha yale waliyofundishwa. Watoto wakawa wanasoma mara mbili, mara moja kwa mwalimu na mara nyingine kwa mwenzao asiyelipa.

Mwalimu akaligundua jambo hili. Alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kukasirika, kwamba mtoto asiyetoa hata dirhamu anajifanya mwalimu katika chuo cha watu, akamtoa nje. Au angeweza kuona kwamba Mwenyezi Mungu amemletea msaidizi. Alichagua njia ya pili. Aliridhika kwamba kule kumkaimu na kuwaangalia wenzake kunatosha kuwa ndiyo malipo yake, na kuanzia hapo hakumdai kitu. Imam mwenyewe alilisimulia hilo ukubwani bila ya kuona haya, wala hakulificha kuwa ni aibu ya umaskini wake.

Jina la mwalimu huyo halikuwa maarufu kama majina ya maimamu. Hata hivyo, tukipima kwa mizani ya kheri, elimu yote iliyotoka kwa Shafii ilipitia kwanza katika uamuzi wake wa siku ile. Lau angemtoa nje, nani angejua?

Akiwa na umri wa miaka saba alikuwa ameihifadhi Qurani yote. Kisha akaanza kuhudhuria vikao vya wanavyuoni katika Msikiti Mtukufu wa Makka, akisikiliza hadithi na masuala ya sheria. Karatasi ilikuwa ghali na mfuko wa mama yake ulikuwa mtupu. Kwa hiyo akawa anaokota mifupa mipana ya wanyama, anaandika juu yake, na mfupa ukijaa anautia katika mtungi wa zamani uliokuwa nyumbani. Wakati mwingine alikwenda kwenye ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwishatumika, ili aandike upande wa nyuma. Mtoto wetu wa leo anayeandika kwenye boksi lililochanwa au kwa mkaa ukutani asichekwe, kwani Imam wa nusu ya mwambao huu alianzia kwenye mfupa.

Kijana wa mishale na mashairi

Mtoto mwenye akili ya ziada mara nyingi huwa na mapenzi ya mambo mengi, na wakubwa humwona kuwa ametawanyika. Shafii alikuwa hivyo. Alitoka Makka, akaenda kuishi jangwani pamoja na kabila la Hudhayl, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu. Alihama nao walipohama na kutua nao walipotua, kwa miaka kadhaa. Akahifadhi mashairi yao, habari zao na lugha yao, hadi baadaye mwanalugha mkubwa, al-Asmai, akawa anayasahihisha mashairi ya Hudhayl kwake yeye. Huko pia alijifunza kupanda farasi na kulenga mishale, na ilisemwa kwamba katika mishale kumi hakukosa hata mmoja.

Pengine mtu angeuliza, ni faida gani faqihi kujua mashairi ya wachungaji na kulenga shabaha? Jawabu lilikuja miaka mingi baadaye. Alipoandika misingi ya sheria, msingi mmoja mkubwa aliousimamia ni kwamba Qurani imeshuka kwa lugha ya Waarabu, na hawezi kuielewa ipasavyo asiyeijua lugha hiyo kwa upana wake. Kile kilichoonekana kuwa ni kutangatanga kwa kijana kilikuwa ni akiba.

Baada ya hapo aliielekeza akili yake kwenye fiqhi. Makka alisoma kwa Sufyan bin Uyayna, bingwa wa hadithi, na kwa Muslim bin Khalid, mufti wa mji, aliyejulikana kwa lakabu ya az-Zanji. Mapokezi mashuhuri yanasema kwamba sheikh huyo alimruhusu kutoa fatwa akiwa na umri wa miaka 15. Ni jambo la kutazamwa kwa makini. Mzee mwenye cheo, mbele ya watu wa mji wake, anamwinua kijana mdogo ambaye juzi tu alikuwa akiomba karatasi chakavu, wala haoni kwamba heshima yake mwenyewe imepungua.

Mlangoni kwa Imam Malik

Wakati huo Madina ilikuwa na Imam Malik bin Anas, mwenye kitabu cha Muwatta. Shafii alikihifadhi kitabu hicho chote kabla ya kumwona mwenyewe. Kisha akataka kusoma kwake. Gavana wa Makka akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa gavana wa Madina, ili ampeleke kwa Malik. Gavana wa Madina alipoisoma alitaabika sana, kwani alimjua Malik na haiba yake. Alimwambia kijana kwamba kwake yeye ni wepesi zaidi kutembea kwa miguu kutoka Madina hadi Makka kuliko kwenda kusimama mlangoni kwa Malik.

Hata hivyo walikwenda, wakasubirishwa, na Malik alipotoka na kusomewa barua aliitupa. Alichukizwa kuona kwamba elimu ya Mtume (SAW) sasa inatafutwa kwa barua za wakubwa. Gavana akanyamaza kwa hofu. Kijana ndiye aliyesogea mbele, akaeleza kwa adabu nasaba yake, hali yake na hamu yake ya kusoma. Malik akamtazama kwa muda. Akamuuliza jina. Kisha akamuusia amche Mwenyezi Mungu na ajiepushe na maasi, kwani aliona moyoni mwake nuru ambayo maasi yangeizima. Akamwambia aje kesho na mtu wa kumsomea kitabu. Kijana akajibu kwamba atakisoma mwenyewe, kwa moyo.

Siku ya pili alianza kusoma, na kila alipotaka kunyamaza kwa kumstahi mzee, Malik alimtaka aendelee, kwa jinsi usomaji wake ulivyompendeza. Alisoma kwa Malik, na mafungamano yao hayakukatika hadi Malik alipofariki mwaka 179 Hijria, sawa na 795 Miladia. Barua ya gavana ilitupwa chini, na mtoto wa mjane akapokelewa.

Mtihani wa Yemen na Iraq

Elimu haikumwondolea umaskini. Baada ya kufariki Malik alipata kazi ya serikali huko Yemen. Safari ilihitaji gharama, na mama yake hakuwa na kitu cha kumpa, hata ikabidi nyumba iwekwe rehani. Alifanya kazi Najran kwa uadilifu, akawazibia njia waliozoea kupitisha mambo yao kwa upendeleo, na wenye kukosa maslahi wakamchukia. Akasingiziwa kwamba yumo katika njama za kumpindua khalifa. Mwaka 184 Hijria, sawa na 800 Miladia, alipelekwa Iraq pamoja na watuhumiwa wengine, mbele ya Khalifa Harun ar-Rashid. Hali ilikuwa ya kufa au kupona. Mwenyezi Mungu akamwokoa kwa ufasaha wa hoja zake, na kwa ushahidi mwema wa Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, aliyekuwa na cheo katika dola.

Mtu mwingine angerudi kwao mbio akishukuru kwa kusalimika. Yeye alibaki, akasoma kwa huyo huyo Muhammad bin al-Hasan, akaandika kutoka kwake elimu aliyoikadiria kuwa ni mzigo wa ngamia mzima. Alikuwa ameshakuwa mwanachuoni kamili, lakini alikaa tena mkekani kama mwanafunzi. Kwa njia hiyo alikusanya elimu ya watu wa Madina walioshikamana na hadithi, na elimu ya watu wa Iraq waliobobea katika rai. Katika kitabu chake cha Risala aliweka kanuni za jinsi hukumu inavyotolewa katika Qurani, Sunna, makubaliano ya wanavyuoni na kiasi, na wengi wamemhesabu kuwa ndiye mwanzilishi wa elimu ya Usulul-Fiqh. Baghdad, ambako alirejea mwaka 195 Hijria, miongoni mwa waliokaa mbele yake alikuwa Imam Ahmad bin Hanbal, ambaye naye ni yatima aliyelelewa na mama.

Misri, na mwanafunzi aliyekuwa mzito

Mwishoni mwa karne ya pili ya Hijria alihamia Misri, akakaa Fustat, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Cairo. Huko aliyapitia upya madhehebu yake, akabadilisha kauli zake nyingi za Iraq baada ya kuona dalili nyingine, na ndiyo maana wanafunzi wa fiqhi huzungumzia kauli ya zamani na kauli mpya. Alikuwa akikaa katika Msikiti wa Amr bin al-As tangu baada ya alfajiri. Kwanza walimjia watu wa Qurani, kisha watu wa hadithi, kisha wenye kujadiliana, kisha wanafunzi wa lugha na mashairi, hadi karibu na adhuhuri. Kila kundi lilikuta mlango wake.

Katika wanafunzi wake wa Misri alikuwepo kijana aitwaye Rabii bin Sulayman al-Muradi, muadhini wa msikiti huo. Rabii hakuwa kama Shafii alivyokuwa chuoni Makka. Alikuwa mzito wa kufahamu. Wanavyuoni wamepokea kwamba siku moja Imam alimfafanulia suala moja mara 40, na bado hakulielewa. Rabii akaona haya mbele ya wenzake, akainuka na kuondoka. Imam hakumcheka wala hakumwacha. Alimwita faragha, pasipo na macho ya watu, akamrudia tena na tena hadi akaelewa. Na alimweleza kwamba lau angeweza kumlisha elimu kama mtu anavyolishwa chakula, angemlisha.

Ndugu msomaji, hapa ndipo tulipokusudia kufika tangu mwanzo. Mtu mwenye akili kali aghalabu huwa hana subira na wazito. Yeye aliyehifadhi kwa kusikia mara moja alirudia mara 40 kwa mwingine. Tunaona kwamba jambo hili halikutoka katika wingi wa akili yake, bali lilitoka katika kumbukumbu ya mtoto aliyewahi kukaa pembeni. Alijua uzito wa kuwa tofauti na wenzako katika kikao, akajua kwamba ni ule ule kwa aliyetangulia na kwa aliyebaki nyuma.

Na tazama malipo ya subira hiyo. Imam alikuwa na wanafunzi wepesi kama umeme, wakiwemo al-Buwayti na al-Muzani. Lakini yule mzito, Rabii, ndiye aliyekuja kuwa mpokezi mkuu wa vitabu vyake. Aliishi hadi mwaka 270 Hijria, sawa na 884 Miladia, miaka 66 baada ya mwalimu wake, na watu walimsafiria kutoka pande za mbali kuja kuvipokea vitabu vya Shafii kutoka kwake. Risala tuliyonayo na kitabu kikubwa cha al-Umm vimetufikia kwa njia ya mwanafunzi aliyehitaji kurudiwa mara 40.

Imam Shafii alidhoofishwa na maradhi ya bawasiri yaliyomtoa damu nyingi, naye hakuacha kusomesha na kuandika. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, mwisho wa mwezi wa Rajabu mwaka 204 Hijria, sawa na Januari 820 Miladia, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa Ijumaa hiyo. Kaburi lake liko Cairo, chini ya kuba iliyojengwa mwaka 608 Hijria, sawa na 1211 Miladia. Katika uhai wake alitamani kwamba watu wanufaike na elimu yake bila ya hata herufi moja kunasibishwa kwake. Mwenyezi Mungu akataka vingine, jina lake likafika hadi mikekani mwa vijiji vyetu.

Sisi na watoto wetu

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya Makka na Misri peke yake. Jirani zetu Bagamoyo, katika mkoa huu huu wa Pwani, aliishi na kusomesha Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo, na aliletwa pwani utotoni katika utumwa. Katika mji uliokuwa ukipima watu kwa koo zao, yeye hakuwa na ukoo wa kutaja. Hata hivyo alisoma, akafungua darasa, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriya, na watu wa kila asili wakamfuata. Naye asingefika huko bila ya mtu fulani kumwachia nafasi mkekani.

Kwa walimu wenzetu wa madrasa na wa shule, kutoka Mlandizi hadi Maneromango, tunasema hivi. Mtoto anayemaliza somo kabla ya wenzake apewe kazi ya kuwasaidia walio nyuma, kama alivyofanya yule mwalimu wa Makka, badala ya kupewa bakora kwa sababu ya kuhangaika. Anayeuliza swali tusilolijua, tumwambie kwa uwazi kwamba tutakwenda kulitafuta, kwani heshima ya mwalimu haivunjwi na kutojua bali huvunjwa na kujifanya anajua. Na aliye mzito tumwite pembeni, tumrudie pasipo na macho ya wenzake.

Kwa kamati za misikiti, ada ya mtoto wa mjane isiwe ni hoja ya kumkalisha mlangoni. Fedha zinazotosha kupaka rangi ukuta mmoja wa msikiti zinaweza kumlipia yatima ada ya mwaka mzima. Na kwa akina mama wanaolea peke yao, wanaoamka kabla ya alfajiri kuchemsha mihogo ili mtoto aende kusoma, wajue kwamba walitanguliwa katika njia hiyo na mama wa Imam Shafii, aliyebeba mwanawe kutoka Gaza akiwa hana kitu mkononi. Naye Mtume wetu (SAW) alizaliwa yatima, na Mola wake alimkumbusha hilo katika Suratud-Dhuha, akamkataza kumwonea yatima.

Ama sisi, tangu siku ile ya Mailimoja tumejiwekea desturi. Mtoto asipofika darasani siku tatu, tunakwenda kwao. Wakati mwingine tunakuta ana homa, wakati mwingine tunakuta hana nguo safi, na wakati mwingine tunakuta alikuwa akingoja tu mtu wa kumuulizia. Yule kijana wa saruji hatukuweza kumrudishia miaka yake, ila tulimwomba radhi, naye akasamehe. Mwanawe wa kwanza sasa anasoma kwetu Kibaha, na hukaa mstari wa mbele.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Shafii, amrehemu mama yake na mwalimu wake yule wa chuoni, awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi walimu macho ya kuwaona kabla hawajaondoka. Amin. Wabillahi tawfiq.